Mikono Iliyobaki kwenye Usukani

Miaka kumi na mitano mume wangu aliendesha magari ya mashindano kwenye barabara za mashimo za kwetu, na kila aliposhuka alitikisa mikono kama mtu anayekung'uta maji. Nikimuuliza, anasema usukani umemchosha tu. Kiuno kilimkaza hata soksi akawa anazivaa kwa kulala chali. Vifungo vya shati nilimfungia mimi. Nikimtaja daktari, ananijibu mtikisiko haujaua mtu. Wallahi alinichosha.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha tukawa Guangzhou, kule China, tunanunua jinzi za kuuza Dar. Mimi nilikwenda kutafuta riziki ya nyumba. Yeye alitaka faida ya kununulia injini mpya, maana gari lake lilikuwa limelala gereji kwa kaka yake Tanga, linangoja msimu. Nilimkataza tangu siku ya kwanza, lakini yeye hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Siku moja tukaenda Xintang, kwenye karakana ya jinzi. Kitambaa huchaguliwa kwa vidole, na kuchagua ni kazi yangu, ila siku hiyo akajitia mjuzi. Akasugua kizito, akasugua chepesi, akasema vyote sawa.

"Sawa vipi, baba watoto? Hiki kikifuliwa mara mbili kinakuwa chandarua."

Akanuna.

Mwenye karakana, mama mmoja mpole, akatumiminia chai katika vile vikombe vyao vidogo visivyo na kishikio. Maji ndiyo kwanza yametoka kuchemka, nikakiacha changu kipoe. Mume wangu akakifumbata chake kiganjani, akaendelea kunieleza habari za injini. Yule mama akaacha kumimina, akawa anamtazama mkono.

Nikamnyang'anya kikombe. Vidole vilikuwa vimeiva, vyekundu, naye ananiuliza nina nini.

"Tazama dirishani," nikamwambia kwa hasira. "Nakubana kidole. Niambie kipi."

Akatazama dirishani, akafikiri.

"Cha shahada," akasema, na hakika yake yote.

Sikuwa nimemgusa.

Alipogeuka akaiona mikono yangu, yote miwili ipo mapajani. Nilikuwa na maneno ya miaka ya kumfokea. Badala yake nikalia mbele ya watu, na hilo nalo likaniudhi.

Akavitazama vidole vyake.

"Tukirudi mjini tupite kwenye simu," akasema. "Mpigie kaka. Mwambie gari aliuze."