Aliyeketi Nyuma ya Ngaire

Mereana Tautahi aliporudi kwenye banda la mashua kando ya mto Whanganui, mzee Des Corkill, mtunza banda, alimtazama toka juu mpaka chini.

"Ni wewe, Mereana, au umewala wenzako wawili?"

"Ni mimi, mzee. Nimewala na nimeshiba. Nionyeshe mashine ya mazoezi ya makasia."

Hakufuata urembo. Figo za dada yake Ngaire zilikuwa zimekufa zote mbili, na maisha yake sasa yalikuwa ya kulala kwenye kiti cha hospitali, damu ikitoka kusafishwa na kurudishwa. Mereana alipimwa, ikaonekana damu zao zinapatana. Ila daktari hakumficha: mwenye uzito kama wake hapasuliwi ili atoe figo. Apungue kwanza, ndipo arudi.

Na yeye na dada huyo walikuwa hawajasemezana kwa wema tangu usichana. Zamani walipiga makasia pamoja, wawili tu ndani ya mashua, kila mmoja na kasia lake. Ngaire ndiye aliyeweka mwendo, Mereana akaketi nyuma yake, akikitazama kisogo chake mazoezi hadi mazoezi. Katika shindano lao la mwisho mashua ilipinda, ikagonga boya, wakapitwa na wote. Ngaire alipanda ukingoni na kusema mbele ya ndugu na jamaa, "Huyu amelegea. Nilikuwa navuta peke yangu."

Mereana alijua hakulegea. Lakini nani angemshuhudia? Wa mbele hamwoni wa nyuma. Akalitundika kasia lake siku ileile, na mwili ukaanza kujijazia.

Siku ya kwanza kwenye mashine alivuta kama vile bado ni msichana. Feni ya mashine ikanguruma, mnyororo ukalia, na chai ya Des haijapoa tayari alikuwa ameinamia ndoo akitapika.

"Punguza, msichana wangu," Des alimwambia. "Unavuta kama unayemfukuza mtu."

"Namfukuza, mzee."

Akajifunza upya. Mgongo ulimkaza, viganja vikachubuka, vikapona, vikachubuka tena. Baada ya ibada za Jumapili, watu walipojipakulia mifupa ya nguruwe na mkate wa kukaanga, yeye alichukua mboga za majani akakaa pembeni.

"Kula kidogo, wifi," mke wa kaka yake alimnong'oneza. "Mungu amegeukia kule."

"Mungu akigeuka, mizani haigeuki."

Wakacheka, naye akacheka nao, njaa ikimkwangua. Kila jioni aliomba: Bwana, ipokee jasho hili, dada yangu apone, nasi tupatane. Alijua ombi lake hasa ni hilo la mwisho.

Alipokwishapungua vya kutosha kuonekana, akaenda kumtazama Ngaire.

"Umekonda," Ngaire alisema kutoka kwenye kile kiti. "Shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa."

"Kwa ajili yako, dada."

"Sikukutuma."

"Imebaki kidogo tu nifikie kipimo."

"Hata siku ile ilibaki kidogo tu."

Mereana akammenyea chungwa, akaaga. Kesho yake alivuta mpaka Des akazima taa za nje.

Mwishowe mizani ya hospitali ikakubali. Muuguzi alimpigia makofi. Mereana akatoka mbio hadi barazani ampigie dada yake simu, ikapokelewa na Tui, binti wa Ngaire.

"Kwani hukuambiwa, mama mdogo?" Tui alisema. "Mama yuko Wellington. Imepatikana figo ya mtu aliyefariki. Wameshamwekea."

Akaenda Wellington. Akamkuta Ngaire amerudiwa na rangi ya uso, midomo imelowa uhai.

"Nimefikia kipimo, dada."

"Basi umepungua bure." Aliyasema bila hasira, kama anayetaja mvua. "Usinune. Mimi nashukuru imekuja hii. Yako ningeibeba hadi kufa, na kila ikiniuma ningejiuliza kama umelegea tena. Marehemu hana maneno."

"Sikulegea, Ngaire."

"Sikukuona ukivuta."

"Ungegeuka."

"Nigeuke, tuko kwenye mashindano?" Ngaire akacheka, kisha akashika kidonda. "Nipe maji."

Mereana akampa maji, akamshikia na kikombe.

Chini kulikuwa na chumba cha sala. Alipiga magoti amwombee yule marehemu na waliomlilia, ulimi ukawa mzito. Ndipo akajijua kwamba anamwonea wivu maiti. Akatubu hapohapo, lakini wivu haukuondoka hata alipokuwa akitubu. Alisafiri nao mpaka nyumbani.

Jumatatu akaingia bandani. Des alikuwa amekwishasikia.

"Dada kapata figo. Sasa unavuta ya nini?"

Mereana akajifunga mikanda ya miguu, akashika mpini.

"Lete kiti, mzee. Kaa hapo nyuma yangu unitazame. Kazi yako kutazama tu."

Des akaleta kiti, akakaa. Feni ikaanza kunguruma. Alitazama kwa muda, mikono magotini, hadi birika lilipopiga mluzi jikoni, akainuka kwenda kulitegua. Mereana alisikia kiti kikisogezwa. Hakugeuka, na hakuacha kuvuta.