Gundi Inayokubali Kuachia

Jirani yangu wa hapa Bofu kazi yake ni kutafuta gundi ya kuungia vitu vya kale. Kila alasiri huketi barazani na vibao alivyoviunga jana, akavining'inizia ndoo, akatia maji kikombe kimoja kimoja mpaka kibao kivunjike au kiungo kiachie. Vidole vyake vina magamba ya gundi kavu, huyabambua huku akizungumza. Kibao kikivunjika, husonya, akaandika daftarini. Kiungo kikiachia, hutabasamu. Mimi nikidhani amekosea.

Juzi nilimpelekea marufaa ya marehemu mamangu, aliyowekea msahafu miaka yote. Ilikuwa imekatika mguu.

"Iunge isiachie tena maisha, fundi."

"Hilo silifanyi, wallahi," akajibu taratibu, akipapasa pale palipokatika. "Gundi ikiushinda mti nguvu, siku marufaa ikianguka utavunjika mti."

Leo amenirudishia. Nimeigeuzageuza, mshono siuoni.

"Lete kidole," akasema, akakipitisha penye mshono. "Hapa ni pangu. Ikianguka, paumie hapa. Pengine pote ni pa mamako."