Siku Nilipojisifu Mpaka Maji Yakasahaulika

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mama watoto anauliza kama nimemeza dawa kabla ya kula. Ni siku niliyoingia ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi kudai maji, nikatoka bila kuyataja hata mara moja. Na nilitoka nikitabasamu.

Nakueleza haya leo kwa sababu nimeona picha yako kwenye simu ya dada yako. Umevaa tai, umekunja mikono kifuani, na chini yake wameandika kwamba wewe ndiwe sauti ya wanafunzi. Nikasema, yawa, huyu ni damu yangu kabisa. Kisha nikaogopa. Ukishinda hiyo kura watakupeleka kukutana na wakubwa wa chuo, na huo mdomo wako naujua, maana umeutoa kwangu. Basi kaa hapa unisikilize, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya Kisumu, upande ambao ziwa unaliona lakini hulifikii. Hilo ndilo lililotuudhi zaidi. Unasimama dirishani, maji yamejaa mbele yako hadi upeo wa macho, na mfereji ulio nyuma yako unakohoa hewa tu. Walioumia zaidi walikuwa akina dada. Bweni lao lilikuwa na ghorofa nne, na kwa wiki tatu maji yalitoka chini peke yake. Wa juu wote walishuka na jerikeni asubuhi na jioni, wakapanga foleni, wakagombana, wakapanda nayo tena.

Miongoni mwao alikuwa Atieno, msichana wa Sondu tuliyesoma naye darasa moja. Polio ilimpata utotoni, akawa anatembea kwa gongo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu. Hebu fikiri: mkono mmoja gongo, mkono wa pili jerikeni, sasa ngazi aishike kwa nini? Kwa meno? Wenzake walimsaidia walipoweza, lakini nao walikuwa na madarasa yao. Vyumba vya chini vilijaa, na hakuna aliyekubali kubadilishana naye, kwa sababu chini ndiko kulikokuwa na maji.

Jumatatu moja aliteleza kwenye ngazi akaumia goti zima, lile la mguu mzuri. Akanijia akichechemea. "Owuor," akaniambia, "nilikupigia kura. Mkiongea na wakubwa kesho na maji yasije, Ijumaa narudi Sondu. Nitaahirisha mwaka. Siwezi tena." Mitihani ilikuwa karibu sana. Na kwao walikuwapo wadogo wawili waliosubiri karo hiyohiyo, kwa hiyo wote tulijua kwamba akikaa nyumbani mwaka mzima, kiti chake pale chuoni amekiaga.

Nikampigapiga begani. "Dada, umeshafika," nikamwambia. "Hilo niachie mimi." Nilikuwa mwakilishi wa mabweni kwenye chama cha wanafunzi, na sikuwa na wasiwasi wowote duniani.

Sasa nikwambie nilivyochaguliwa, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa pakruok. Unaijua wewe, ingawa siku hizi mnaifanya kivivu: mtu anasimamisha muziki katikati ya dansi, anasimama, anajisifu, anasifu rafiki zake na kwao alikozaliwa, watu wanapiga vigelegele, halafu muziki unaendelea. Mimi nikisimama wapiga gitaa walikaa chini kabisa, walijua sitamaliza leo. Mwana wa Awasi mimi! Siku ya kampeni wagombea wengine walizungumza habari za chakula na maktaba. Mimi nilijisifu dakika ishirini, nikashinda kwa kura nyingi mno.

Basi Jumanne ikafika. Nilivaa koti la mjomba wangu, lililonifika karibu na magoti, nikaenda na katibu wetu, kijana mkimya aliyebeba daftari. Mkutano wa namna ile ulikuwa mmoja tu kwa muhula, na tulikuwa tumepewa nusu saa. Nje ya ofisi wanafunzi walijaa wakisubiri, akina dada mbele, wengine na jerikeni zao tupu.

Mkuu wa Wanafunzi alikuwa mzee mnene mwenye miwani, mtu wa Muhoroni. Akauliza kwa upole, "Haya, kijana. Wewe ni nani na umeleta nini?"

Mwanangu, angeuliza tu nimeleta nini, Mungu angeniokoa. Lakini aliuliza mimi ni nani!

Nikasimama. Nikafunga vifungo vya koti la mjomba. "Mimi Owuor!" nikaanza. "Owuor mwana wa Awasi, nikipita sokoni mizani inasimama wima! Mimi ndimi mvua inayonyesha ikiwa imevaa tai! Ng'ombe wa baba yangu wakishuka mtoni, mto unasogea kuwapisha!" Nikaendelea hivyo, namsifu nyanya yangu, nasifu barabara inayopita kwetu, nasifu hata jogoo wa jirani.

Nilitarajia mzee atanikatiza. La hasha! Nilipomaliza alikuwa amevua miwani, macho yanamng'aa. Akasukuma kiti nyuma. "Omera, ndugu yangu, kaa chini usikie," akasema. "Mimi ni mwana wa Muhoroni! Trekta la miwa likiniona linazima injini lenyewe! Nimefundisha walimu wa walimu wako! Mimi ndimi kalamu nyekundu!" Aliposema kalamu nyekundu alipiga meza, na mimi, shetani kanipanda, nikapiga kigelegele.

Tukapokezana. Nusu saa ikapita, tukaongeza robo. Wote wawili tulikuwa tumekunja mikono ya makoti, na mmoja akiketi mwenzake anasimama. Sijawahi kufurahi vile ofisini mwa mtu. Mwishowe mhazili wake akafungua mlango kusema wageni wengine wanangoja, mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia chuo kina bahati kuwa na kiongozi kama mimi. Nikamwambia kina bahati hata kuwa naye. Tukaagana kama mashemeji.

Nilitoka nje nikainua ngumi juu. Watu wakalipuka! Wakanibeba. Nilizungushwa uwanja mara mbili, koti la mjomba likipepea, ndipo nikamwona Atieno ameegemea gongo lake, hapigi kelele.

"Wamesema maji yanakuja lini?" akauliza.

Nikamgeukia katibu, nikamwambia asome alichoandika, labda nilisema kitu nikasahau. Yule kijana akafungua daftari, akakohoa, akasoma: "Wajumbe walisalimiana."

Basi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Wale waliokuwa wamenibeba waliniachilia hapohapo. Nilianguka kwa makalio. Wengine walicheka, wengine walizomea, lakini Atieno hakucheka wala hakuzomea. Aligeuka akaenda zake taratibu, na jioni nikasikia ameanza kupanga nguo sandukuni. Niliona aibu, mwanangu. Aibu ile inayomfanya mtu atamani kuwa hana jina.

Aliyenifuata alikuwa Mama Peris, mtunza bweni la akina dada, mama mfupi mwenye leso kiunoni na funguo nyingi. Sikuwahi kumsemesha zaidi ya salamu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi mwisho wa koti, akaniwekea jerikeni iliyojaa miguuni.

"Beba," akasema.

"Mama, mimi ni mwakilishi..."

"Nimesikia wewe ni mvua. Beba."

Nikabeba. Wanaume hatukuruhusiwa humo ndani, kwa hiyo Mama Peris alitangulia akipaza sauti kila ghorofa, "Jifunikeni! Mwanamume kwenye ngazi! Ni yule wa kujisifu!" Milango ikafunguka yote. Kufika ghorofa ya pili nilikuwa nimebadilisha mkono mara tano. Ghorofa ya tatu nilikaa kwenye ngazi na ulimi nje, na akina dada wakanipita wakisema pole mheshimiwa.

Hapo Mama Peris akakaa kando yangu, akazungumza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Owuor, wiki tatu unapita hapa ukisalimia watu. Umewahi kupanda ngazi hizi uone? Fundi wa mabomba yuko nyuma ya jikoni, Mzee Wafula. Ana kitabu cha kuandikia mambo yaliyoharibika. Sheria ni kwamba aandike mwakilishi wa wanafunzi, kisha mimi niweke sahihi. Kila siku nafungua kile kitabu. Hakuna kitu. Viongozi wenu wote wanapenda ofisi yenye zulia. Ile ya fundi haina zulia, na haina mtu wa kukupigia makofi."

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa wa kwanza kwa Mzee Wafula. Nilikuta kitabu kinaning'inia kwa kamba mlangoni. Yeye alikuwa akikaza kitu kwa spana, hakuinua kichwa. "Bweni gani? Ghorofa gani? Mfereji unatoa hewa au hautoi kitu kabisa? Tangi la juu mmesikia likijaa?"

Maswali manne, na jibu la hakika nilikuwa nalo moja. Kwa mazoea nikaanza, "Mzee, mimi Owuor mwana wa..." Akainua spana, akaishikilia hewani hadi niliponyamaza.

Nikarudi bwenini. Safari hii niliomba ruhusa kwa Mama Peris, nikapita mlango kwa mlango na daftari, na kazi yangu ilikuwa kuuliza na kuandika. Wee! Hujui mateso ya mtu kama mimi kuuliza swali kisha kungoja jibu liishe. Lakini kabla ya saa sita nilijua mambo mengi kuliko yote niliyoyajua tangu nichaguliwe. Nikamrudia Wafula na majibu yote, nikayaandika kitabuni, Mama Peris akatia sahihi. Akapanda darini, akashuka akitikisa kichwa. Lile boya linaloelea ndani ya tangi na kuruhusu maji yaingie lilikuwa limekwama, limevunjika mkono. Jipya lilikuwapo stoo, lakini halikutoka bila sahihi ya Mkuu wa Wanafunzi.

Unaona jaribu linavyomrudia mtu? Alhamisi asubuhi nikaingia tena ofisi ileile, karatasi mkononi. Yule mzee kuniona tu alivua miwani, akasimama, akatandaza mikono. "Nani huyo?" akasema kwa furaha. "Kalamu nyekundu inauliza, nani huyo aliyekuja?"

Maneno yalinijaa mdomoni, mwanangu. Mazuri kuliko ya Jumanne! Nilikuwa nimepata moja usiku, la fahali na posta, ambalo hadi leo sijapata mahali pa kulisema. Lakini akilini nilimwona Atieno na lile sanduku. Nikafyata ulimi. Nikaweka karatasi mezani.

"Mheshimiwa, ni bweni la akina dada, ghorofa zote za juu. Wiki tatu. Boya limevunjika, jipya liko stoo, fundi yuko tayari. Tunaomba sahihi yako."

Alinyong'onyea, maskini, akavaa miwani. Akaisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akasema, "Wiki tatu? Na mbona hamkuniambia Jumanne?" Naamini jibu alilijua mwenyewe, kwa sababu alitia sahihi haraka huku akiangalia pembeni.

Mzee Wafula alitumia dakika ishirini. Dakika ishirini! Sisi tulijisifu zaidi ya mara mbili ya hizo. Nilisimama chini ya bweni nikasikia ghorofa ya nne mtu akipiga kelele, "Maji! Maji yamekuja!" kisha ya tatu, kisha ya pili, ndoo zikagongana, nyimbo zikaanza. Nilinyoosha koti nikingoja jina langu litajwe. Nilingoja sana. Walimsifu Mungu, walimsifu Wafula, kuna aliyesifu hata mfereji wenyewe. Mimi hakuna aliyenikumbuka.

Ndipo Atieno akashuka, taratibu, gongo mkono mmoja na mkono wa pili hauna kitu. Akasimama mbele yangu. "Nimefungua sanduku," akasema. "Ero kamano, Owuor. Asante sana." Machozi yalinilengalenga, na nikajua nikisema lolote nitaharibu. Akaongeza, "Na choo cha ghorofa ya pili hakina kitasa. Andika."

Nikaandika. Mwaka uliofuata alisimama kunipinga, akanibwaga vibaya sana, na kura yangu mwenyewe ilikuwa humo ndani ya zake.

Sasa usia wangu ndio huu, mwanangu. Ukichaguliwa, usianze na ofisi ya mkubwa. Anza na ngazi, uzipande hadi juu, ubebe wanachobeba wao. Jua kitabu cha fundi kinaning'inia wapi, na uandike humo kwa mkono wako. Ukiingia mkutanoni, shida iseme kabla hujasema jina lako, maana ukianza na jina, wakubwa nao wana majina yao, na muda utaishia hapo. Mdomo sijakukataza, wa kwetu haukatazwi. Uhifadhi kwa dansi.

Na Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kupanda na masikio ya kungoja mwenzako amalize. Akuweke mbele ya watu wanaokuletea shida ya pili kabla hujapumzika ya kwanza, kwa sababu hao ndio waliokuamini. Na siku watakapofungua mfereji, maji yatoke, wanywe waende darasani bila kukumbuka kama uliwahi kuzaliwa, akujalie moyo wa kusimama pale chini ukafurahi. Amina.