Supa, Regula na Ng'ombe wa Gredi

Baba yangu alinunua gari lake la kwanza jipya akiwa tayari na mvi. Nasema jipya kwa maana ya Kitale ya miaka ile: Mjapani fulani alikuwa ameliendesha hadi akalichoka, likapandishwa meli, likateremshwa Mombasa, likatufikia viti vikiwa bado vimefunikwa nailoni. Baba alikataa nailoni hiyo iondolewe. Tulikaa juu yake kwenye jua la Januari na kushuka migongo ikiwa imelowa chapachapa, na hayo ndiyo tuliyoambiwa ni raha ya kuwa na gari.

Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya huko ilikotoka, kwa hiyo Kitale nzima ilikamata stesheni moja tu, ya mahubiri. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema hilo si jambo la bahati. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani kitupu. Mama alikiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, mahali pa vitu vya thamani visivyotumika.

Likabaki swali moja, nalo liliishughulisha nyumba yetu kuliko uchaguzi wowote: gari litakunywa nini? Wakati huo vituo vya mafuta vilikuwa na pampu mbili za petroli, ya supa na ya regula. Supa ilikuwa ghali kidogo. Tofauti nyingine kati yao hakuna aliyeijua kwetu, na ndiyo sababu kila mtu alikuwa na msimamo.

Mjomba, ndugu ya Mama, alikuwa na lori la kubebea mahindi kutoka Suam. Yeye alikuwa upande wa regula. Lori lake lilitumia dizeli, lakini jambo dogo kama hilo halikumzuia kutoa ushauri.

"Supa ni ya watu wa Nairobi," alisema akichovya mkate kwenye chai yetu. "Moto ni moto. Ukiwasha jiko na kiberiti ya bei, ati chai itaiva mbio?"

"Anko, hii si jiko," kaka yangu akamjibu. "Hii ni injini ya kisasa. Ukiipatia regula itakohoa mbele ya watu."

Maneno muhimu hapo yalikuwa matatu ya mwisho. Kaka hakuwa na haja na injini. Haja yake ilikuwa Bungoma, kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyetaka kumwoa, na tatizo lake lilikuwa baba ya huyo mwalimu. Mzee huyo alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya serikali, na alikuwa ameahirisha mara moja siku ya kutupokea kwa mazungumzo ya mahari. Alikuwa amemwambia bintiye waziwazi kwamba familia kama yetu, zilizotoka mkoa wa kati, ziliingia Trans-Nzoia zikiwa na jembe mkono mmoja na mizani mkono wa pili. "Huko utahesabiwa majani ya chai," alimwonya.

Maneno hayo yalituuma sana, hasa kwa kuwa ufunguo wa kabati la majani ya chai ulikuwa shingoni mwa Mama.

Sasa mzee alikuwa amekubali kutupokea, Jumamosi moja kabla ya mavuno. Kaka alitukalisha sebuleni akatueleza hali kama mtu anayesoma hukumu. "Huyo mzee anatafuta sababu moja tu. Baba akifanya kitu kimoja cha ubahili mbele yake, mambo yangu imeisha. Na ataangalia gari. Ataangalia kila kitu. Anaweza hata kuuliza tunaweka mafuta gani."

Wote tukamgeukia Baba. Baba hajawahi kufanya uamuzi wowote bila kwanza kutoka nje kuwaangalia ng'ombe wake, na siku hiyo alitoka. Alikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, waliojulikana hadi Kiminini, na kila alichokijua kuhusu dunia alikuwa amejifunza kwao. Aliporudi alikuwa na jibu.

"Mnabishana bure," alisema. "Ng'ombe ukimbadilishia chakula ghafla, anaharisha. Ukimzoesha unga wa dukani halafu umnyime, anakata maziwa. Hii gari hatujui huko Japani ilikuwa inalishwa nini. Kwa hivyo tutachanganya. Kidogo kidogo. Ikishazoea, tutaamua."

Mjomba alifikiri kidogo, akakubali kwamba hiyo ni akili. Kaka alijishika kichwa. Nami nilienda kushuhudia, kwa sababu mambo kama hayo mtu hasimuliwi.

Kituoni, karibu na soko la Kitale, Baba alisimamisha gari kwenye pampu ya supa akamwambia dada aliyekuwa akihudumu aweke kidogo. Kisha akawasha gari, akazunguka, akajipanga tena nyuma ya magari mengine hadi pampu ya regula, akaomba kidogo tena. Halafu akalitikisa gari kwa kuliegemea na bega mara kadhaa, ili chakula kichanganyike.

"Mzee," yule dada akauliza, "nikuongezee na chumvi?"

Baba hakucheka. Nadhani alilipima wazo lenyewe.

Ikawa desturi. Kila baada ya siku chache tulizunguka kutoka pampu hadi pampu huku madereva wa nyuma wakitupigia honi na kututakia mambo ambayo redio yetu isingeyatangaza. Gari lilikwenda vizuri. Baba alisema limeanza kunawiri, na kweli lilikuwa linang'aa, ingawa huenda ni kwa sababu Mama aliliosha kila asubuhi kwa maji ya moto.

Shida ilianza juma lile la safari. Kaka alikuwa amesema kwamba mzee wa Bungoma anaweza kuuliza kuhusu mafuta, na Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, hawezi kusema uongo. Akiulizwa, ni lazima ajibu kwamba anatumia supa, na iwe kweli. Lakini tangini mlikuwa na mchanganyiko. Kumwaga supa juu ya mchanganyiko ni kupata mchanganyiko mwingine. Mtu mwingine yeyote angefika hapo akaona amevuka mpaka wa upuuzi, akajaza tangi, akaomba msamaha Jumapili. Baba aliamua kwamba gari litafungishwa kwanza, kama waumini wanavyofunga. Litumie kilichomo mpaka kiishe, kisha ndipo liingizwe supa safi, na liingie Bungoma tumbo likiwa halina dhambi.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi tulipita kituo cha kwanza cha Kitale bila kusimama, tukapita na cha pili.

"Baba, mshale uko chini," kaka alisema. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya kijivu na kukaa wima ili isikunjike, jambo gumu sana juu ya nailoni.

"Naona. Bado kuna regula ndani. Tutajaza Webuye."

Mjomba alikuwa kiti cha mbele kama msemaji wetu, maana mzungumzaji wa mahari hawezi kukaa nyuma. Mama na mimi tulibanana na kaka, tukiwa tumepakata sukari, blanketi na sufuria. Tulipopita Kiminini, taa ya rangi ya machungwa iliwaka mbele ya Baba.

"Hiyo taa ni ya nini?" Mama akauliza.

"Inaonyesha regula inaisha," Baba akajibu kwa furaha.

Kwa hilo hakukosea. Tulipita Kamukuywa, watu wakiwa wanapanga nyanya sokoni, tukaanza kuelekea Misikhu. Hapo katikati gari likakohoa, yaani lilifanya kile ambacho kaka alikuwa amekiogopa, ila tu mbele ya mahindi badala ya mbele ya watu. Likakohoa tena, likajikokota hadi kando ya barabara, likanyamaza. Redio peke yake iliendelea kutuhimiza tuwe tayari, kwa maana hatuijui saa.

Kaka alifungua mlango, akasimamisha bodaboda ya baiskeli iliyokuwa ikipita, akakaa kwenye karia na suti yake, akarudishwa Kamukuywa akiwa amefumba macho. Alirudi baadaye akiwa amekumbatia jerikeni ya manjano kama mtoto wa kubatizwa.

Baba akamwuliza, "Ni supa?"

Nimewahi kuona watu wakikasirika, lakini sijawahi kuona mtu akikasirika kwa adabu namna ile. "Baba, nilimwuliza mwenye duka. Alisema, 'Petroli ni petroli, bana. Unataka ama hutaki?'"

Baba alinusa mdomo wa jerikeni kwa muda mrefu kama anayepima silaji, majani ya ng'ombe yaliyovundikwa. Kisha akakata chupa ya soda ya plastiki iwe faneli, akamimina kwa mikono yake mwenyewe, na upepo ukamgawia sehemu yake kwenye koti. Gari likawaka mara moja bila kuuliza lolote.

Webuye tulipita bila kusimama, na bado tulifika kwa wakwe tukiwa tumechelewa. Nyumba yao iko nje kidogo ya mji wa Bungoma, na lango lilikuwa limefungwa. Hiyo ni haki yao: wageni wa mahari wakichelewa, hukuta lango limefungwa na akina mama wa boma wamejipanga nyuma yake, nao huwa hawana haraka.

"Nyinyi ni nani?" mmoja akauliza. "Sisi tulikuwa tunangoja wageni ya asubuhi. Nyinyi mnakaa kama watu wa jioni."

"Tulipata pancha," mjomba akasema upesi. Pancha ni sababu ya heshima. Haimwaibishi mtu.

Mzee mwenyewe akasogea mbele, mrefu, miwani imening'inia kifuani. Akatutazama mmoja mmoja kupitia vyuma vya lango, akafika kwa Baba, akavuta hewa kwa pua.

"Pancha," alisema. "Mbona huyu ananuka petroli?"

Akina mama wakaanza kucheka. Kaka alikuwa anaangalia ardhi. Ningeweza kumhurumia kama nisingekuwa najiuliza Baba atajibu nini, maana nilijua hawezi kudanganya, na ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote ambao mjomba angeweza kuubuni.

"Mafuta iliisha," Baba alisema.

Kicheko kikapanda. "Gari mpya! Mafuta ikaisha!" Mama mmoja akapiga kofi. "Woi! Si tuliwaambia? Hao watu wanapima mpaka mafuta na kijiko!"

Mzee hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Gari mpya inakosaje mafuta?" akauliza polepole. "Ama ulikuwa unahesabu?"

Hapo Baba alieleza. Alieleza yote, akiwa amesimama nje ya lango na koti lake lenye doa: kwamba hakujua gari lililishwa nini Japani, kwamba alichanganya supa na regula kama anavyochanganya chakula cha ng'ombe ili asiharishe, na kwamba juma hili alilifungisha ili aje hapa na supa tupu, asije akaulizwa akasema uongo. Alieleza kwa utaratibu, bila haya. Mjomba alikuwa amegeuka kutazama barabara kama mtu ambaye hakuja nasi.

Mzee alivaa miwani yake. "Ulichanganya kwa muda gani?"

"Wiki moja hivi kwa kila kipimo, halafu nabadilisha."

"Ni kidogo." Mzee alitikisa kichwa. "Mimi hapa niko na ng'ombe wawili wa gredi. Nilibadilisha chakula kwa wiki moja, mmoja akakata maziwa kabisa. Inataka wiki mbili. Gari labda hata tatu."

"Ni Friziani?" Baba akauliza.

"Mmoja ni Ayashaya. Ingia uone. Nyinyi akina mama, fungueni hiyo lango, mnafungia watu nje kwa nini?"

Wakaenda zizini, wao wawili, na hawakurudi. Sisi tuliketishwa kwenye hema na soda zetu. Chakula kilipoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Wasemaji wa pande zote mbili, waliokuwa wamejiandaa kwa vita vya maneno, walibaki wakizungumza habari ya mvua. Wazee walipotokea hatimaye, mzee wa Bungoma alimwambia msemaji wake asirefushe mambo, kwa sababu mtu anayejali hivyo tumbo la gari hawezi kumlaza mtoto wa mwenzake na njaa. Ni hoja ambayo mpaka leo sijaona inavyosimama, lakini kaka hakuomba ufafanuzi.

Jioni mzee alitusindikiza na pikapu yake kuukuu hadi kituo cha mafuta mjini. Alisema wageni wake hawatalala kwenye mahindi ya watu. Akashuka, akamwambia mhudumu, "Jaza tangi. Hii ni yangu." Neno *jaza* lilikuwa halijawahi kutamkwa karibu na gari letu, na nilimwona Baba akilimeza kwa shida.

"Supa ama regula?" mhudumu akauliza.

Wazee wakatazamana.

"Hapo sasa," alisema mzee wa Bungoma. "Ndani kuna ile ya Kamukuywa, na hatujui ni gani."

"Na haijakaa hata siku moja," Baba akasema.

Wakasogea kando kidogo kushauriana, mikono nyuma, migongo ikiwa imetugeukia. Nilisikia wakirudi kwenye habari ya kuachisha ndama maziwa. Mhudumu alisimama na kifuniko cha tangi mkononi, akatutazama sisi.

Mama alitoa kichwa dirishani. "Wewe, weka ile iko karibu. Tunataka kwenda nyumbani."

Mhudumu akavuta mpira wa pampu uliokuwa karibu, akajaza. Nilikuwa nimekaa upande ule, nikaona ni ipi. Baba hakuniuliza, na wazee waliagana kwa kushikana mikono muda mrefu kana kwamba jambo limepatiwa suluhisho.

Gari lilipanda mpaka Kitale bila kukohoa hata mara moja. Kaka alilala njia nzima juu ya nailoni, mdomo wazi, suti imekunjamana. Na Baba alituambia zaidi ya mara moja tupunguze maneno, tusikilize injini, kwa maana mtu mwenye masikio anaweza kusikia tofauti.