Karata Isiyo na Jina

Nilihamia Ujiji kwa sababu nilikuwa nimechoka na Katubuka, na Katubuka nilihamia kwa sababu nilichoka na Mwandiga. Ndivyo nilivyoishi miaka ile. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa kufukuzwa wala kwa kukosa ada. Kukaa kwenye dawati moja mwaka mzima kulinishinda. Nilibeba magunia ya dagaa Kibirizi, nikauza mawese, nikawasaidia mafundi kuziba nyufa za mitumbwi. Kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoijua, halafu miguu ikaanza kuniwasha.

Ulikuwa wakati ambapo watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakimiminika. Nchi yao tulikuwa bado tunaiita Zaire. Ukishuka Kibirizi asubuhi ulikuta maboti yameshusha watu badala ya samaki. Walikaa juu ya mchanga uleule unaoanikwa dagaa, magodoro yao yamelowa, na kina mama wenye dagaa wakawa wanawaomba wasogee kidogo, jua lisipite bure.

Mwenye nyumba wangu Ujiji alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mwandiga, aliyeolewa na nahodha wa boti ya mizigo. Vita vilipoanza ng'ambo, mumewe alivuka kwenda kuwatoa watu, na hakurudi. Baada ya miezi kadhaa walitokea wavuvi wawili waliosema waliiona boti yake kwa macho yao, imejaa kupita kiasi, ikipinduka kwenye mawimbi, na hawakumwona nahodha akiibuka. Sheikh wa mtaa aliwasikiliza, akawaapisha, akashauriana na wenzake, kisha akaja kumwambia mama kwamba kwa ushahidi huo anaweza kukaa eda. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi jikoni kusonga ugali wa watu wawili.

Kila jioni alimwekea mumewe chakula na kukifunika kwa kawa. Asubuhi kiporo hicho nilikula mimi.

"Kula kisiharibike," alikuwa akiniambia. "Leo nitampikia kingine."

Nilikula chakula cha mtu yule muda mrefu bila kuijua sura yake. Nilijua tu kwamba hapendi pilipili, na kwamba mkia wa samaki wa mgebuka ni wake, asiguse mwingine.

Nilichokiona, hata mimi nisiyetulia, ni kwamba yule mama hakuwa na mahali pa kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Harusini hakwenda kwa sababu mume hayupo kumpa ruhusa. Wajane wa mtaa walikuwa na chama chao cha kusaidiana, nako hakwenda, kwa sababu si mjane. Hata waliomsalimia walisita kidogo kabla ya kufika kwenye "habari za nyumbani".

Shemeji yake, mdogo wa nahodha, alikuwa mfanyabiashara wa mawese mwenye sauti kubwa na moyo laini. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja na habari mpya. Kaka yuko ng'ambo, Kalemie. Kaka kaonekana Moba, amekonda. Siku moja alikuja akitabasamu: kaka kaoa huko huko.

"Bora kaoa kuliko kafa, shemeji."

"Kama kaoa, huyo mpya ndiye ampikie," mama alijibu. Lakini jioni kawa liliwekwa palepale.

Mimi nami nilikuwa nikiuliza. Kila boti iliyofunga kamba Kibirizi niliisogelea na maelezo niliyopewa na mama: mmemwona nahodha fulani, mrefu, ana kovu kidevuni? Nilipata majibu mengi kiasi kwamba kama yote yangekuwa kweli, mtu huyo angekuwa sehemu sita kwa wakati mmoja. Nilikuja nayo nyumbani kama zawadi. Sikufikiri yanamfanya nini anayeyapokea.

Chumba cha pili cha uani, jirani na changu, kilikuwa na mwanamke wa Uvira, mji wa ng'ambo, mtu mzima, fundi cherehani aliyevuka bila cherehani. Aliingia siku moja kuomba maji, akabaki. Kisheria alitakiwa kuwa kambini kwa wakimbizi, lakini Ujiji ina ndugu wa ng'ambo tangu zamani, na Kiswahili chake hakikumshtua mtu. Alishona kwa mkono, akatulia kama aliyezaliwa pale, jambo ambalo lilinishangaza mimi niliyezaliwa mkoa uleule na sikutulia popote.

Alikuwa na karata kubwa, ndefu kuliko zile za kuchezea, amezifunga kwenye kipande cha kitenge. Aliachiwa na bibi wa Kizungu mwenye duka la vitambaa kwao, aliyemfanyia kazi ujanani, na ambaye alizitumia kutazamia mambo.

"Zilikuwaka na kitabu yake," aliniambia. "Kitabu kilikunywa maji ya ziwa. Karata zilikauka."

Nilimsumbua. Alikuwa akishona, mimi nauliza. Huyu mwenye taji ni nani? Mbona mbwa hawa wanabwekea mwezi? Kila picha ilikuwa na namba juu, za aina ile ya saa za ukutani, na jina la Kifaransa chini. Moja tu, ya kumi na tatu, haikuwa na jina.

Karata hiyo ilinikaa kichwani. Ina mifupa ya mtu imesimama, imeinama kidogo, imeshika mpini mrefu wenye kisu kilichopinda, ambao pale uani sote tuliuita fyekeo. Uti wake wa mgongo umechorwa kama suke la mtama. Ardhi ni nyeusi, na katika weusi ule vimetapakaa viganja, nyayo, mifupa, na vichwa viwili, kimoja kina taji. Katikati yake zinaota nyasi.

"Hii ndiyo kifo," nilisema.

"Bibi alisemaka wenye kuichora waliogopa kuandika jina."

"Na wewe unasemaje?"

Alikata uzi kwa meno. "Nasema hawakulijua."

Jibu hilo halikunitosha. Nilitaka maana kama mtu anavyotaka bei. Nilimwuliza kila siku, na kila siku alinijibu kitu kingine: ni mwisho, ni kubadilika, ni nyoka anayevua gamba, ni kuhama. Nilipomwambia achague moja alicheka, akasema mtu wa kuhama vyumba kila mvua hana haki ya kudai karata itulie.

Mwenye nyumba alitusikia. Hakuwa mtu wa ramli. Aliijua haramu yake. Lakini alasiri moja tulikuwa uani tunamenya mihogo, na ghafla akafuta mikono kwenye kanga, akasema bila kumtazama mtu, "Hebu niulizie. Yuko hai au hayuko?"

Mama wa Uvira alisita. Alizichanganya karata polepole, akamwambia achague moja kwa mkono wa kushoto. Mama akavuta. Ilikuwa ile ya kumi na tatu.

Niliona uso wa mama wa Uvira ukifungika. Mimi nilishusha kisu. Mwenye nyumba aliisogeza karata kwenye mwanga, akaitazama kwa makini, kama mkulima anayekagua mbegu za jirani.

"Huyu anafyeka shamba," alisema.

Akatugeuzia karata tuione.

"Tazameni. Amefyeka, udongo mweusi, mvua imekaribia. Na hivi," akagusa viganja na nyayo, "ni pingili. Muhogo hupandi mzima. Unaukatakata, unauchomeka vipandevipande, unachipua. Hata majani haya hapa yameshatoka." Akainua macho, na sikuwahi kumwona na macho yale. "Anachipua. Mume wangu yu hai."

Nilimtazama mama wa Uvira aseme neno. Alizikusanya karata zake, akazifunga kwenye kitenge. Jioni ile ulipikwa mgebuka mzima kwa nazi iliyosafiri kwa treni kutoka pwani, na ulipofunikwa kwa kawa, mama alikuwa akiimba. Ijumaa shemeji aliposimuliwa alikaa chini akalia kwa furaha, yeye ambaye ramli aliipinga mbele za watu. Alikwenda kununua kanzu mpya, ikatundikwa msumarini chumbani kumsubiri mwenyewe.

Nilimfuata mama wa Uvira alipokuwa akianua nguo.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Maana yake."

"Mi sikusemaka kitu. Ni yeye alisemaka, na alisema muzuri. Maneno ya muhogo hata Bibi hakuyajua." Akakunja shuka. "Kosa ni lingine. Aliulizia mwenye hayuko. Karata haimujibu mwenye hayuko. Inamujibu mwenye ameishika."

"Basi kamwambie hilo."

"Wewe una haraka ya watu wenye hawana mizigo," alisema. "Ngoja anyeshewe."

Sikuweza kungoja. Nilikwenda Kibirizi nikauliza kwa nguvu zaidi. Nilipanda boti ya abiria kwenda vijiji vya kaskazini, nikauliza huko, nikarudi na uvumi wa nahodha mwenye kovu ambaye aligeuka kuwa mvuvi mwenye kovu. Kila niliporudi nilimkuta mama amenyooka zaidi na amekonda zaidi. Tumaini lilikuwa linamla kuliko huzuni ilivyomla. Sauti ya lango ilikuwa ikimrusha kutoka kwenye kigoda.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alianza kupanda muhogo kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Mimi nilichimba, yeye alikata shina kwa panga, na mama wa Uvira alikaa kizingitini na sindano yake. Mama alikuwa akizungumza kwa furaha kuhusu mumewe atakavyokuta mihogo imeiva.

"Mama," yule wa Uvira akamwita, "ile muhogo wenye ulitoa shina hizi, iko wapi?"

"Upi?"

"Wenyewe. Mama yao."

"Tulikula. Mwezi uliopita, hukumbuki? Uliusifia."

"Nilikula, kweli."

Panga lilikata tena, mara moja, mara mbili, likasimama. Mama alikitazama kipande mkononi mwake kwa muda mrefu. Mvua ndogo ilikuwa ikimwangukia na hakujifunika.

"Hautarudi ule," alisema taratibu. "Unaochipua ni mwingine."

Mama wa Uvira aliingia chumbani, akarudi na karata tatu, akazipanga kizingitini pasiponyesha. Ya kumi na mbili: mtu amefungwa mguu mmoja, ananing'inia kichwa chini kati ya miti miwili, uso wake hauna maumivu, hauna chochote. Ya kumi na tatu, ile isiyo na jina. Ya kumi na nne: mwanamke mwenye mabawa anamimina maji kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine.

Mama alichuchumaa, mikono ina udongo. Hakuigusa hata moja. Alionyesha kwa kidevu yule anayening'inia.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na kutoka hapa kwenda kwa huyu wa maji, njia ni hii ya katikati tu?"

"Bibi alitafutaka ingine. Hakupata."

Nilikuwa nimesimama na jembe, na swali ambalo nilikuwa nimelihangaikia miezi yote lilikuwa limejibiwa mbele yangu bila mtu kunigeukia. Fyekeo halikuwa la mumewe. Lilikuwa la kumkata kamba yeye.

Mama alimaliza kupanda pingili zilizobaki, zote, kwa mistari. Kisha akaoga, akavaa, akaenda kwa sheikh.

Shemeji alikuja mbio habari zilipomfikia. Alisimama uani na kofia mkononi. "Umemuua kaka yangu kwa karata, shemeji."

"Sijamuua," mama alisema kutoka mlangoni. "Nimechoka, shemeji yangu. Sijui nimpikie au nimwombee. Siwezi vyote viwili."

"Na akirudi?"

"Akirudi atanikuta hapahapa, na tutakwenda kwa sheikh wote. Lakini leo, nisaidie kumsomea dua."

Shemeji aliirudisha kofia kichwani. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na kuinua mikono. Nami nilikaa ubavuni mwake. Tulimsomea mtu ambaye mimi nilimjua kwa viporo vyake tu, na nililia.

Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni mimi. Nyumba yenye mwanamke wa eda haikai mwanamume asiye ndugu yake. Sheikh aliniambia kwa upole, tena akidhani ananipa habari nyepesi, kwa kuwa mtaa mzima ulijua kwamba nahama kama watu wanavyonyoa. Mama wa Uvira ndiye angebaki naye.

Nilifunga vitu vyangu, vilijaa mfuko mmoja. Nilikuwa nimehama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ni mimi niliyechoka na mahali. Safari ile mahali hapakuwa pamenichosha. Nilikaa kitandani na mfuko magotini, na miguu yangu haikuniwasha hata kidogo. Nadhani hicho ndicho nilichokuwa nikikikimbia tangu darasa la tano: kupenda mahali halafu paniondoe.

Nilipita kwenye mlango wa kati, pazia limeshushwa, nikabisha hodi.

"Nakwenda, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unahamia wapi?"

"Sijui. Kibirizi kwanza."

Nikasikia kanga ikijiviringisha, na sauti yake ikaja karibu na pazia.

"Ukifika Kibirizi, mwanangu, usiwaulize tena. Waache washuke."

"Sawa, mama."

"Na utafute mahali pa kula asubuhi. Hapa hatulazi tena chakula."

Nilitoka. Mama wa Uvira alikuwa nyuma ya nyumba akifukuza kuku wa jirani kwenye matuta, na hakuacha kazi yake ili tuagane.