Rangi Isiyobambuka

Zacharie Paluku alikuwa mbishi, na ubishi wake wote aliumalizia kwenye chuma. Tangu alipohama Butembo na kufungua karakana yake Bunia, kando ya barabara ya Komanda, kazi yake ilikuwa kupaka rangi parshoki za malori, kile chuma cha mbele kinachopokea mawe, matope na pembe za ng'ombe. Mafundi wengine walimwaga rangi juu ya kutu, wakachukua chao, basi. Yeye ukimwambia afanye hivyo, aliona umemtukania mama yake.

Kwa hiyo Emery, mume wa binti yake Adeline, alipoleta parshoki ya lori aliloendesha, mzee alipima mambo kama anayechagua mchumba. Nikeli inang'aa, alisema, lakini jiwe moja tu likiipasua, kutu inatambaa chini yake bila mtu kujua. Lami inashika vizuri na kukauka upesi, ila ni nyeusi, na Emery hakutaka parshoki ya msiba. Alitaka nyekundu, na jina la mtoto wao, Gracieuse, katikati kwa herufi nyeupe, kama madereva wa huku wanavyopenda. Basi Paluku akachagua njia ndefu: kukwangua mpaka chuma kitupu, kusugua kwa petroli, rangi ya kuzuia kutu mara mbili, nyekundu, jina, halafu vanishi juu.

Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na vanishi haikutaka kukauka. Siku hizo, kwa hofu ya watu wenye silaha waliovizia njiani, malori hayakuthubutu kwenda Komanda peke yake. Yalifuatana kwa msafara, askari mbele na nyuma. Asubuhi ya msafara Emery akaja, akaigusa vanishi, ikamnata kidoleni.

"Papa, musafara iko inaenda. Tufunge tu vile iko."

"Ukiifunga sasa, matope itashika ndani na kazi yote imekufa. Acha ikauke. Utawakuta mu njia."

Emery hakubishana na baba wa mke wake. Heshima ikamkalisha kwenye benchi mpaka jua lilipojitokeza mchana. Wakaifunga, na ilipendeza kweli kweli. Paluku alisimama barabarani akiitazama ikienda, moyo umejaa fahari. Fahari hiyo ndiyo inayomtafuna mpaka leo.

Msafara Emery hakuukuta. Alivamiwa njiani akiwa peke yake, akauawa, lori likachomwa. Wakamzika Bunia. Adeline akarudi na mtoto nyumbani kwa baba yake. Akampikia, akamfulia, ila hakumsemesha.

Halafu mwenye lori akaileta parshoki. Mvua ilizima moto kabla haujafika mbele, na chuma kilikuwa kizima. Alikuwa na lori jingine, alieleza kwa upole, hivyo mzee afute tu lile jina.

Paluku akachukua brashi ya waya, kisha msasa. Alisugua mpaka vidole vikachubuka, na herufi nyeupe zilikuwa palepale. Adeline akatoka jikoni, mtoto mgongoni, akamtazama kwa muda.

"Haitatoka, Papa," akasema. "Uliifanya muzuri."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa baba yake tangu mazishi. Mzee hakuinua kichwa. Akaendelea kusugua.