Makoti Nyuma ya Seva

Nikimsikia mtu anasema Lushoto hakuna joto, huwa najizuia tu. Natamani nimshike mkono nimpeleke kwenye chumba cha seva cha ofisi yetu ya zamani, nimsimamishe nyuma ya ile mashine, halafu nimuulize tena.

Seva yenyewe ni mashine ya chuma, inakaribia ukubwa wa tranka la mwanafunzi wa bweni. Ndiyo ilikuwa inapokea na kutunza barua pepe zote za ofisi. Iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, na nilipoajiriwa kuitunza niliomba kiyoyozi. Walinicheka jamani, mpaka mhasibu akapaliwa na chai. Kiyoyozi Lushoto! Nikaambiwa nifungue dirisha. Nikakubali, kwa sababu kwa kweli upepo wa milimani unatosha, mradi mashine iachwe ipumue. Inavuta hewa mbele, inatoa hewa ya moto nyuma. Haitaki kingine zaidi ya hapo.

Sasa wewe fikiria mwezi wa saba. Ukungu umekaa mpaka saa tano, manyunyu hayakatiki, na mtu akitembea kutoka stendi hadi ofisini koti lote limelowa. Ofisi nzima haina jiko wala hita. Ina sehemu moja tu inayotoa hewa ya moto, tena bure, kutwa nzima. Hapo sina haja ya kumalizia.

Wiki ile nilikuwa nimetumwa tawi letu la Amani kufunga kompyuta. Wakati wa kurudi nilikuwa Mombo, jasho linanitiririka, nasubiri basi la kupanda juu, simu ikaita. Alikuwa mkuu wa ofisi. Barua pepe hazifunguki tangu asubuhi, kwa nini? Nikamuuliza kama kuna aliyegusa mashine. Hakuna aliyegusa. Nikamuuliza kosa gani linaonekana kwenye skrini. Akanijibu kwamba ni la rangi nyekundu. Nikamwambia asiguse chochote, nakuja.

Nilifika nikamkuta amesimama mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, maana kwetu hata ukiwa umefura kwa hasira salamu ni salamu. Marahaba yake hakuimaliza, akaanza kunisomesha kwamba ofisi imesimama kwa sababu mimi natembeatembea. Natembeatembea! Barua ya safari aliisaini yeye.

Tatizo lilikuwa hifadhidata, yaani lile faili kubwa ambamo barua zote zinakaa. Lilikuwa linakataa kufunguka. Kila barua ikiingia, seva huiandika kwanza kwenye mafaili madogo ya kumbukumbu, kisha taratibu inaihamishia kwenye faili kubwa. Ikizimika ghafla katikati ya kazi hiyo, faili kubwa linabaki nusu nusu, na hayo madogo ndiyo yanayojua kilichokuwa kinaendelea. Ni kama mpishi aliyeitwa msibani akaacha ugali haujaiva. Anayekuja kuumalizia lazima aambiwe ulifikia wapi.

Nikiwa nakagua, mhasibu akaja na simu yake mkononi. Alikuwa amesoma mahali kwamba ukiyafuta yale mafaili madogo mashine inakuwa nyepesi na kila kitu kinarudi. Na alikuwa ameshaanza kushika kipanya! Nilimpiga kofi mkononi kama mtoto anayedokoa mboga. Ni mkubwa kwangu, najua, na nilimwomba radhi baadaye, lakini angebonyeza pale tungezika barua zetu zote. Watu ambao hawawezi kubadilisha balbu bila kuniita, ghafla wote walikuwa mafundi.

Nikaunganisha diski ya nje nikaanza kunakili kila kitu kabla ya kujaribu dawa yoyote. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yangu: mgonjwa hapasuliwi kabla hujaweka akiba ya damu. Mkuu akaona nachelewesha makusudi. Kila akipita anachungulia, anaguna, anaondoka.

Wakati inanakili nikafungua orodha ya matukio ya mashine nione kwa nini ilizimika. Umeme haukukatika. Betri ya akiba ilikuwa nzima. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe kwa sababu ya joto. Mtu akaiwasha, ikajizima. Akaiwasha tena, ikajizima tena, na kila mara ile hifadhidata inazidi kuraruka. Niliposoma neno joto nilidhani mtambo umechanganyikiwa. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi pale nilipokaa.

Nikainuka nikaenda nyuma. Loh! Walikuwa wamepigilia misumari ukutani, wakafunga kamba, wakaanika makoti, yamebanana kuanzia pembe hadi pembe. La ngozi, la sufu, la mvua. Skafu ya mhasibu ilikuwa imesukumwa kabisa kwenye matundu ya kutolea hewa ili ikauke haraka. Na dirisha walikuwa wamelifunga wasipigwe na baridi wanapokuja kuyageuza. Nililia, sikufichi, na kilikuwa kilio cha hasira.

Niliyang'oa yote nikayatupa juu ya meza ya mkutano, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Nikamkuta na mama mhudumu, yule anayetufagilia na kutupikia chai ya saa nne. Mama amesimama, mikono ameikunja mbele. Ni mkubwa kuliko sisi sote, mkuu mwenyewe anamwamkia shikamoo kila asubuhi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na mjukuu anayemlea alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Mkuu akamruhusu aende, kisha akanigeukia mimi.

"Andika ripoti," akasema. "Andika chanzo ni uzembe wa mhudumu. Ndiye aliyeanika makoti kule ndani."

Nikamuuliza, "Na nani alimwambia ayaanike?"

Akanitazama kama nimemtukana. Akasema mkono ulioanika ndio unaojibu, na kwamba mkataba wa mama ukiisha hautaongezwa.

Ndivyo wanavyofanya, usinidanganye. Asubuhi mtu anaingia, "Shikamoo mama," na palepale anamwekea koti bichi mkononi, "Nianikie kule kwenye moto." Mama wa watu angesema nini? Angewaambia seva inahitaji hewa, ilhali wao wenye vyeti hawajui? Heshima wanampa ya mdomoni, halafu siku ya mambo kuharibika wanamwangushia jumba bovu. Nilimwambia mkuu kwamba ripoti nitaandika, ila nitaandika nilichokiona. Akanikumbusha kwamba na mimi nina mkataba. Nilitoka nikamwacha palepale.

Nikarudi kwenye mashine. Faili kubwa lilikuwa limeharibika vibaya, sikulilazimisha. Nikarudisha nakala ya akiba ya Ijumaa, nikaiagiza seva isome yale mafaili madogo moja baada ya jingine tangu pale nakala hiyo ilipoishia. Yaleyale ambayo mhasibu alitaka kuyafuta. Jioni hifadhidata ikafunguka, na kwenye kompyuta zote barua zikaanza kuingia. Nilisikia watu wanashangilia koridoni. Hakuna aliyekuja kusema asante, wala sikuisubiri, kwa sababu kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kesho yake asubuhi kulikuwa na mkutano, na yule mama alikuwa anaondolewa kwa kosa la watu wengine.

Mkutanoni nilisoma ripoti yangu kwa sauti. Nilisema seva ilizidiwa na joto kwa sababu matundu yake yalizibwa na makoti ya wafanyakazi, na dirisha lilifungwa na wafanyakazi, na iliwashwa mara kwa mara kwa amri ya mkuu bila fundi kuulizwa. Watu waliinamia madaftari yao, wote wamejifanya hamnazo. Mkuu akanikatisha. Akasema mimi ni kijana, nina jazba, na ukweli ni mdogo tu. Akamwita mama mhudumu, aliyekuwa anamimina chai pale pembeni, akamuuliza mbele ya wote kama ni yeye aliyeanika yale makoti au siye.

Nilitaka kumjibia. Mama akaweka birika chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Niliyaanika mimi," akasema. "La kwako, mkuu, la mhasibu, na ya hawa wote waliokaa hapa. Langu tu ndilo halikuwemo. Mimi sina koti."

Hakupandisha sauti. Akachukua birika lake akaendelea kumimina, na watu wakawa wanapokea vikombe bila kumtazama usoni.

Mkuu alisaini mkataba mpya wa mama mchana uleule, mlango umefungwa, na ripoti yangu ikaingia kwenye faili kama ilivyo. Lakini radhi hakumwomba, si yeye wala mtu mwingine yeyote mle ndani, na hilo mpaka leo linaniuma.